Muhogo wa Kongo: mwingi shambani, haufiki kiwandani

Muhogo ndicho chakula kinacholimwa kuliko vyote katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kutoka Kongo-Central hadi Ituri, watu wanakula mizizi yake kama bugali, kama chikwangue, kama muhogo wa kuchemsha ao wa kuchoma, na majani yake kama sombe, ambayo upande wa Kinshasa wanaita pondu. Hesabu za FAO zinaonyesha mavuno ya tani milioni 40 hivi kwa mwaka na zinaiweka Kongo karibu na kichwa cha orodha ya dunia, nyuma ya Nigeria. Hesabu hizo ni za kukadiria, maana hakuna anayepita shamba kwa shamba na mizani. Lakini hata mtu akizipunguza kwa robo nzima, bado zinabaki kubwa.

Sasa mtu aingie katika duka la Bukavu, Kalemie ao Kinshasa atafute kitu kilichotoka katika muhogo wa Kongo na kupita kiwandani. Atarudi na mikono karibu mitupu. Mkate ni wa ngano iliyovuka bahari. Wanga wa gundi ya makartoni, wa kunyoshea nguo na wa kushikisha vidonge vya dawa, ambao inchi zingine wanautoa katika muhogo, huku unaingia kwa sehemu kubwa kutoka inje.

Kwa miaka mingi viongozi wamesema dawa ni kuleta mashini. Mashini zimeletwa, tena zaidi ya mara moja, na nyingi zililala. Shida haikuanzia kwenye mashini. Inaanzia katika mmea wenyewe, na katika zile siku tatu za kwanza kisha kuung'oa.

Unangoja shambani, haungoji njiani

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16. Uliingia kupitia mlango wa mto Kongo, kisha ukasonga polepole kuelekea ndani ya bara. Upande wa Maziwa Makubwa ulifika nyuma sana. Wakati wa ukoloni Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuupanda kama akiba ya njaa, na hapo ukaenea hata pahali ambapo watu walikuwa wakiishi kwa mtama, ulezi na ndizi.

Uliwapendeza watu kwa tabia moja: ukisha komaa hauna haraka. Kufwatana na aina, mizizi iko tayari kati ya miezi 8 na 18, na mkulima anaweza kuiacha ndani ya udongo miezi mingi tena, aking'oa kidogo kidogo kwa mahitaji ya nyumba. Hauombi ghala. Katika vita hilo ni jambo kubwa. Mahindi yaliyovunwa yanaweza kubebwa yote usiku mmoja, ila shamba la muhogo kulimaliza kunaomba jasho. Familia inayokimbia kijiji na kurudi kisha miezi 6 mara nyingi inakuta bado kuna kitu cha kung'oa.

Siku mzizi unapotoka ndani ya udongo, mambo yanageuka. Ndani ya saa 24 hadi 72 nyama yake nyeupe inaanza kupata mistari ya buluu na nyeusi, na mnunuzi anaukataa. Hata si kuoza kwa kawaida. Ni mzizi wenyewe unaojiharibu pale ulipokatwa ao kujeruhiwa. Juu ya hayo, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Mwenye gari anayebeba tani 3 za muhogo mbichi katika njia mbovu, kwa kweli anabeba tani 2 za maji na tani 1 ya chakula, huku saa inamkimbiza.

Thailand imekuwa muuzaji mkubwa wa wanga na muhogo mkavu duniani, na kule viwanda vikubwa vinaweza kungoja malori mlangoni kwa sababu njia ni nzuri na mzigo unafika mapema. Msumbiji walifanya kinyume: badala ya kuita muhogo uje kwenye kiwanda, walipeleka kiwanda kwenye muhogo. Kampuni DADTCO ilifunga mashini juu ya lori, ikakaribia mashamba ya wakulima wadogo, ikakwaruza na kukamua mizizi pale pale. Yale madonge yaliyokamuliwa yakauzwa kwa watengenezaji wa pombe, na mwaka 2011 bia ya muhogo inayoitwa Impala ikaingia sokoni. Kwa Kongo, ambako njia ndiyo donda la zamani, mfano huo una somo kuliko ule wa Thailand.

Kiwanda cha leo ni mikono ya wamama

Si kweli kwamba muhogo wa Kongo hautengenezwi. Unatengenezwa kila siku, tani kwa tani, na karibu kazi yote ni ya wanawake. Wanang'oa, wanabeba mgongoni, wanamenya, wanaloweka katika kijito ao katika pipa siku tatu, ine ao tano mpaka mizizi ilainike, wanaitoa, wanaondoa nyuzi, wanaivunja vipande na kuianika. Katika bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, pahali lami iko, watu wengine wanaanika pembeni ya barabara, mara nyingine juu ya lami yenyewe kwa sababu ina joto. Magari yanapita, vumbi linapita, mbuzi naye anapita. Jioni wanakusanya, na kesho vipande vinaenda kwenye mashini ya kusaga ya mtaa.

Unga huo ni mzuri kwa bugali. Una uchachu kidogo na harufu yake, na mlaji wa Kongo anaitaka harufu hiyo. Bila hiyo anaona kama bugali haijakamilika. Lakini mpishi wa mikate hawezi kuutumia, maana mkate utanuka. Hapa ndipo miradi mingi ilichanganya mambo. Unga wa kuchanganya na ngano ni bidhaa nyingine kabisa, yenye njia nyingine: muhogo mtamu unang'olewa asubuhi, unamenywa, unaoshwa kwa maji safi, unakwaruzwa na mashini, unakamuliwa mpaka maji yatoke, unakaushwa na kusagwa, na yote hayo yanapaswa kuisha karibu ndani ya siku moja ili usichache. Unga unatoka mweupe, mkavu, bila harufu. Ili kupata kilo 1 ya unga huo mtu anatumia kilo 4 hivi za mizizi mibichi, zaidi kidogo ao chini kidogo kufwatana na aina.

Vyombo vyake si vya ajabu. Mashini ya kukwaruza ni ngoma ya bati yenye meno, inayozungushwa na mota ndogo ya mafuta, na fundi wa chuma wa mjini anaweza kuitengeneza. Kukamua, watu wanatumia jeki ya gari ndani ya fremu ya chuma. Kipande kigumu ni kukausha. Katika milima ya Kivu mvua inanyesha miezi 8 ao 9 kwa mwaka, umeme ni wa kubahatisha, na kuni zinamaliza msitu. Kituo cha kutengeneza muhogo ambacho hakina jibu la kukausha wakati wa mvua kitafanya kazi nusu mwaka, halafu mkopo utakidai mwaka mzima.

Pale haraka ilipovunja miguu ya watu

Kuna sababu nyingine ya kuheshimu zile siku tatu za kuloweka. Mizizi na majani ya muhogo yana kitu kinachogeuka sianidi, sumu, pale chembe zake zinapovunjika. Aina tamu zina kidogo. Aina chungu zina nyingi, na wakulima wengi wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo: wezi, nyani na nguruwe wa porini wanaziogopa. Kuloweka siku za kutosha, ao kukwaruza vizuri na kukamua, kunatoa sumu hiyo. Kukata vipande na kuvianika juani tu, bila kuloweka, kunabakiza sehemu kubwa ndani.

Mwaka 1938 daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa uliokuwa ukipiga watu wa Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, hawezi tena kutembea kama kawaida, na hali hiyo haiponi. Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Unashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukutengenezwa vizuri kwa wiki nyingi, na hawana samaki, nyama ao maharagi ya kutosha ya kuusaidia mwili kushindana na sumu.

Kwa muda mrefu watu waliona konzo kama ugonjwa wa ukame na wa umasikini tu. Halafu katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, Jean-Pierre Banea wa Kongo, Thorkild Tylleskär na wenzao walichunguza Bandundu wakakuta jambo la kushangaza. Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilikuwa imefungua soko. Malori yalikuja, wanunuzi wakalipa pesa taslimu, na bei ikavuta. Ili mifuko ijae mbio, wamama wakapunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja. Katika vijiji hivyo konzo ikaongezeka. Wachunguzi waliandika matokeo yao mwaka 1992. Ni kusema, barabara ambayo kila mtu aliiomba, na soko ambalo kila mkulima analiota, vilifika bila mtu yeyote kufikiri juu ya maji, mapipa na muda, na waliolipa ni watoto.

Konzo haikubaki magharibi. Kahemba, katika Kwango, inajulikana kama eneo lililopigwa sana, lakini wagonjwa walipatikana pia Kivu ya Kusini, Burhinyi katika territware ya Mwenga, katika miaka ya vita. Vita vinafanya kazi ile ile ya soko la haraka: mtu anayelala porini hana siku tatu za kungoja muhogo ulainike.

Kuna njia rahisi ya kupunguza sumu katika unga ambao umekwisha kusagwa, aliyoitafuta Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia. Unga unachanganywa na maji, unatandazwa juu ya sahani ao turubai kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, unaachwa saa 2 juani ao saa 5 kivulini, kisha unapikwa bugali siku ile ile. Tangu 2010 njia hiyo imefundishwa kwa wamama katika vijiji vya Popokabaka, kuanzia Kay Kalenda. Haigharimu franga hata moja. Inaomba tu mtu wa kuifundisha na mama mwenye nafasi ya saa 2.

Kwa upande wa kiwanda, kipimo kipo: kanuni za kimataifa za chakula zinaruhusu miligramu 10 tu za sianidi kwa kilo moja ya unga wa muhogo wa kuliwa. Kiwanda kikubwa kinachouza kwa maelfu ya watu kinapaswa kupima kila mzigo, na OCC, ofisi ya serkali ya kuchunguza bidhaa, ina kazi hapo. Mradi wowote wa muhogo unaotaja tani na dola bila kutaja kipimo hicho unastahili kuulizwa maswali.

Nani atanunua?

Mnunuzi wa kwanza wa muhogo katika Kongo ni tumbo la Mkongomani, na ni mnunuzi mwenye nguvu. Mwenye kiwanda cha wanga ao cha alkoli anataka mizizi kwa bei ya chini, ili ashindane na wanga wa Asia. Lakini mama mwenye shamba akihesabu, anaona akitengeneza unga wa bugali na kuupeleka mjini atapata zaidi. Hapo kiwanda kinakaa na njaa katikati ya mashamba yaliyojaa. Ni fumbo ambalo wageni wengi wenye pesa wanalikuta wakati mashini zimekwisha kufungwa.

Nigeria, inchi ya kwanza kwa muhogo duniani, ilipitia upande mwingine wa fumbo hilo. Mwaka 2002 raisi Olusegun Obasanjo alianzisha mpango wa taifa wa muhogo, na kufika 2005 serkali ikawataka wasagaji wa ngano wachanganye asilimia 10 ya unga wa muhogo. Wakulima walisikia, wakapanda kwa wingi. Wasagaji walisitasita, viwanda vya unga bora vilikuwa vichache, na mizizi ikajaa sokoni mpaka bei ikaanguka. Wakulima waliochomeka hivyo hawasadiki tangazo la pili kwa urahisi.

Kwa Kongo, mkate bado ndio mlango unaoonekana kuwa karibu zaidi. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, bei ya ngano ilipanda dunia nzima, na watengenezaji mikate walilihisi. Unga bora wa muhogo hauna ile nata inayofanya mkate uvimbe, kwa hivi hauwezi kuchukua nafasi ya ngano yote. Asilimia 10 hadi 20 mlaji hatambui sana. Biskuti na maandazi vinaweza kubeba zaidi. Mtengeneza mikate haombi mambo mengi: unga uwe mweupe vile vile leo, kesho na mwezi ujao, ufike siku iliyosemwa, na usizidi bei ya ngano. Hilo la kufika siku iliyosemwa ndilo gumu.

Sababu njia inakula faida. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Ubelgiji IPIS ilihesabu baryeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Zingine zilishikwa na makundi yenye silaha, zingine na watu wa serkali. Muhogo hauko dhahabu. Mfuko wa unga una thamani ndogo kwa kilo, na kila shofa anapotoa kitu kwenye kamba, bei inapanda kwa mlaji ao inashuka kwa mkulima, mara nyingi yote mawili. Tena tangu mwanzo wa 2025, M23 ilipoingia Goma na Bukavu, mabenki ya miji hiyo yalifunga milango. Mwenye kituo kidogo anayetaka kununua mizizi kwa wiki nzima kabla ya kuuza unga, pesa hiyo ya kuzungusha anaitoa wapi?

Bukanga-Lonzo

Hakuna mazungumzo juu ya kilimo cha viwanda katika Kongo yanayoweza kuruka jina hili. Mwezi wa 7 mwaka 2014, raisi Joseph Kabila alizindua paki ya kilimo ya Bukanga-Lonzo, kilomita 250 hivi kutoka Kinshasa kwa barabara ya Kikwit. Ardhi iliyotengwa ilikuwa hekta 80,000. Mahindi ndiyo yalikuwa mbele, muhogo nao ulikuwa katika mpango, pamoja na matrakta mapya na mshirika kutoka Afrika Kusini. Ilisemwa kwamba Kinshasa italishwa kutoka pale na paki zingine zitafwata katika majimbo.

Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Matrakta yalibaki, mashamba yakarudia majani. Mnamo mwezi wa 5 mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu aliyekuwa waziri mkuu, Augustin Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi za kulazimishwa kwa kosa la kupoteza pesa za mradi huo. Yeye alikana makosa.

Kesi ilizungumzia pesa, na ni haki yake. Lakini hata kama kila dola ingefika, mradi ulikuwa umejengwa kama vile muhogo ni mahindi ya Afrika Kusini: shamba moja kubwa, mashini kubwa, mwenye kazi mmoja. Muhogo wa Kongo uko katika mikono ya familia zenye nusu hekta, hekta moja, mbili. Udongo wa savana ya Kwango ni mchanga, hauna rutuba nyingi. Na wakaaji waliokuwa wakilima pale kabla ya paki walijikuta wanaangalia kutoka inje ya mipaka. Serkali za Afrika ziliahidi Maputo, mwaka 2003, kutia asilimia 10 ya bajeti katika kilimo. Kongo imekuwa mbali na hesabu hiyo mwaka kwa mwaka, na kile kidogo kilichopatikana kikaenda katika jambo moja lenye kupigwa picha.

Miti ya kupanda

Kazi iliyofanywa bila kelele ilizaa zaidi. Mwaka 1974 serkali, pamoja na kituo cha kimataifa IITA, ilianzisha PRONAM, programu ya taifa ya muhogo, huko M'Vuazi katika Kongo ya Chini. Mwaka mmoja mbele, 1973, mdudu mweupe mwenye ungaunga kutoka Amerika ya Kusini alikuwa ameonekana kwa mara ya kwanza Afrika, katika sehemu za Kinshasa na Brazzaville, akienea mbio na kukausha mashamba inchi baada ya inchi. Dawa haikuwa ya kupuliza. Kundi la IITA lililoongozwa na Hans Herren wa Uswisi lilimtafuta adui wake kule kule alikotoka, likapata Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo, likamwachilia katika Afrika kuanzia 1981. Mkulima hakulipa kitu. Herren alipata tuzo la chakula la dunia mwaka 1995.

Kisha ikaja mozaiki kali, iliyotoka upande wa Uganda: majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya manjano, mizizi inabaki kama vidole. Inabebwa na nzi weupe wadogo, na zaidi na miti ya kupanda ambayo jirani anampa jirani kwa roho nzuri. INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya serkali, na IITA, ambayo leo ina kituo Kalambo karibu na Bukavu, walitoa aina zinazovumilia. Sawasawa ni moja inayojulikana na wakulima wa mashariki. Nyingine watu waliiita Obama. Sasa kuko ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, wenye ujanja zaidi: majani yanaweza kuonekana mazuri, na mkulima anagundua siku ya kung'oa tu kwamba ndani ya mizizi kumekauka na kuwa kahawia kama kizibo. Kwa kiwanda cha unga mweupe, ugonjwa huo ni mbaya kuliko mozaiki.

Mavuno ya kawaida katika Kongo ni tani 8 hivi kwa hekta. Kwa aina nzuri, miti safi na palizi kwa wakati, tani 20 zinapatikana bila miujiza. Tofauti hiyo ndiyo inaamua kama kiwanda kitaishi.

Hesabu yake si ngumu. Kituo kidogo kinachotaka kutoa tani 1 ya unga bora kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kinahitaji tani 1,000 za mizizi. Kwa tani 8 kwa hekta, hizo ni hekta 125 zinazong'olewa kila mwaka. Kwa tani 20, ni hekta 50. Na kwa kuwa ule mzizi hauwezi kusafiri zaidi ya siku moja, hekta hizo zinapaswa kuwa karibu, za familia mia moja ao zaidi zilizokubali kung'oa kwa zamu, kila moja siku yake, badala ya kila mtu siku anayobanwa na karo ya shule. Kwa kawaida ni wamama ndio wanaojua shamba gani liko tayari, lakini katika mikutano ya ushirika jina linaloandikwa kwenye mkataba mara nyingi ni la bwana.

Hekta moja inapandwa miti 10,000, mita moja kwa mita moja. Mmea mmoja uliokomaa unatoa miti kumi hivi ya kupanda, si mia kama sikio la mahindi. Kwa hekta 125 inaombwa miti milioni 1 na laki mbili na nusu, yaani hekta 12 na nusu za mimea misafi, isiyo na mozaiki wala michirizi, ambazo mtu amezipanda kwa kazi hiyo tu na kuzichunga. Kisha muhogo uliopandwa nao unangoja mwaka wake. Kituo kinachotaka kuwasha mashini mwezi fulani kinapaswa kuwa na shamba la miti hiyo karibu miaka miwili mbele.